Mbuzi Hakuandikwa

Magazeti hufika Wete na meli ya jana,
yameshakunjwa, yameshasomwa na Unguja nzima;
sisi hupewa makombo ya habari.
Salmini, mtoto wa dada yangu, kaniletea mawili,
kapanda nayo kilima cha Mtambwe akihema:
"Khaloo, umetoka! Umetoka mara mbili!"

La kwanza limeuchukua mdomo wangu.
Meno yote nje, hata lile la dhahabu alilonitilia marehemu,
na juu yake herufi pana kama mabati:
WAKULIMA WASHANGILIA BEI MPYA YA KARAFUU.
Chini nimesema, kwa jina langu kamili,
Mize Faki Shoka, mkulima, miaka hamsini na mitatu:
"Bei imepanda."
Nukta.

Wallahi sikuweka nukta pale.
Niliweka mkato, nikavuta pumzi, nikasema lakini,
na baada ya lakini nilisema mengi:
kwamba mchumaji naye kapandisha pishi yake,
na jamvi limepanda, na mchele wa kuwapikia wachumaji,
kwamba mizani ya kituo huamka na hasira zake,
kwamba karani hutia mkono guniani, akanusa vidole,
akasema "bado mbichi"
hata zikiwa zinavunjika kama njiti.
Kijana wa gazeti alikuwa akiandika, nilimwona.
Kisha kalamu ikasimama.
Nilidhani wino umekwisha.

Ukurasa wa tano, mtaalamu mwenye tai
kaeleza manufaa ya sera kwa safu tatu.
Naye pia alisema lakini.
Ya kwake wameiacha:
"lakini wakulima wajifunze subira."

La pili limeyachukua macho.
Picha ni ile ile, siku ile ile,
kanga ile ile yenye doa la mafuta begani,
ila wamenikata chini ya pua kama mtu akatavyo muhogo.
Mdomo haupo. Macho yanachuruzika.
CHOZI LA MKULIMA: SERA YA KARAFUU YAUA.
Yaua nani? Mimi niko hapa, nachambua makonyo.
Na humo nako nimesema, kwa jina langu kamili:
"Tumeumizwa."
Nilisema tumeumizwa mgongo,
kwa foleni.

Salmini akaniuliza, khaloo, kweli ni ipi,
ulicheka au ulilia?
Mwanangu, nilicheka mpaka nikalia.
Siku ile mbuzi wa Bwana Chumu alikata kamba,
akaingia kituoni kama mkubwa wa shirika,
akalikamata bango la bei, gundi yake bado mbichi,
akaanza kula kutoka kulia, kama anayesoma Kiarabu.
Akala sifuri ya kwanza. Akala ya pili.
Karani akamkimbiza kuizunguka mizani,
"Bei! Bei ya Serikali hiyo!"
na mbuzi anatafuna, anatutazama,
sifuri ya tatu inaning'inia mdomoni.
Tulikuwa watu arubaini, tumesimama tangu alfajiri,
na walicheka hata wale wasiosemezana tangu uchaguzi;
Bi Kazija akamshika bega mke wa Hamad,
kisha akakumbuka, akauondoa mkono.

Hicho ndicho kilichopigwa picha.
Gazeti la huku halikumtaja mbuzi.
Gazeti la kule halikumtaja mbuzi.

Usiku mvua ikapita, asubuhi jua likatoka.
Jamvi langu lina tundu katikati, la kuingia mtoto,
nikaliziba kwa magazeti yote mawili,
mdomo wangu kando ya macho yangu,
nikamwaga karafuu juu.

Siku ya nne, kituoni, karani akatia mkono guniani,
akautoa mweusi.
Akanusa vidole.
"Hizi zina wino, bibie. Daraja la tatu."
Nikamwambia naam, lakini

Alikuwa keshaandika.