Moyo wa Mbuzi, Kidato cha Pili

Alfajiri nilikuwa Kiboriloni, buchani kwa Eliakunda,
kabla nzi hawajajua kumekucha.
"Nipe mapafu na moyo, usivitenganishe,
na koromeo lining'inie hivyo hivyo."
Akanitazama. "Mwalimu, una mganga nyumbani?"
"Nina kidato cha pili. Wako sitini na mmoja."
Akacheka, akafunga gazetini,
akaongeza figo: "Wasome na hii."

Hadubini yetu ni moja, lenzi ina ufa.
Tukaanza na kitunguu:
utando mwembamba, tone la aidini,
na vyumba vikajitokeza, ukuta kwa ukuta,
kila kimoja na kiini chake.
"Kama matofali," akasema Ndewirwa.
Tofali halili, Ndewirwa. Tofali halizai. Chungulia tena.

Ubaoni mishale ilikuwa ikipanda:
seli, tishu, ogani, mfumo, kiumbe.
Mbuzi wetu aliishuka ngazi kinyume,
jana kiumbe, akilia pale Mbokomu,
leo nusu ya mfumo juu ya meza yenye wino.

Nikaupasua moyo kwa wembe.
Huu msuli ni tishu, seli za ukoo mmoja
zimelala upande mmoja. Huu utando nao ni tishu nyingine.
Nikatia kidole mshipani, kikatoka moyoni
kikaingia pafuni, na darasa zima likaguna.

Mjomba wangu alimgawa mbuzi kwa ukoo:
kidari kwa huyu, paja kwa shemeji,
na mtoto hakuulizwa.
Nami sikuuliza nini kilishikana na nini
kabla panga halijapita.

Aikande, asiyenyoosha mkono tangu Januari, akanyoosha.
"Seli moja ya moyo, ukiitoa, ikabaki peke yake,
inajua kudunda?"

Inajua.
Hudunda peke yake kwenye maji yake ya chumvi,
kwa mwendo wake.
Iletee ya pili, zigusane,
na baada ya muda zinadunda pamoja.
Hakuna aliyeziamuru.
Halipo kwenye silabasi hili, nikasema, lakini andika.

Hakuandika. Aliweka vidole viwili shingoni,
jirani yake akaiga, kisha dawati lililofuata,
hadi darasa zima likawa kimya
kila mtu akihesabu wake.
Nje mtu alikuwa akifyeka nyasi.

Mlangoni mpishi wa shule
alikuwa ameikodolea macho figo.
"Na hii nayo," akauliza, "ni ya kusoma?"