Uzi Usiojibu

Kilianza kama punje ya mtama chini ya ngozi,
hapa, kati ya kiwiko na kiganja.
Ukikisukuma kinakwenda kulia, kinakwenda kushoto,
hakipandi, hakishuki,
kama mbuzi wa kamba fupi.
Ukikigonga, umeme unashuka mpaka kidole gumba
na wenziwe wawili.

Bi Mwanakheri wa Barabara ya Kumi na Tano
alikikanda kwa mafuta ya nazi.
Nilipiga yowe, jirani akazima redio.
Tangu hapo kikaitwa jipu, kikaitwa jini,
mjukuu wangu Zuhuriya akakiita betri ya babu.
Mimi nilikiita saratani, kimoyomoyo,
usiku tu.

Kazi yangu ni vidole.
Miaka thelathini na mmoja ghalani, kupanga katani:
nafumba macho, naivuta singa,
naijua daraja lake kabla ya mwenye mizani.
Mfunguo Tano nikaita namba tatu namba moja,
mara mbili siku hiyo hiyo.
Karani akacheka.

Bombo. Dakta Kihiyo, mwanamke mfupi, kucha fupi,
alikigonga mara moja
akanitazama usoni, si mkononi.
"Mshipa wa fahamu una ala, kama kisu," alisema.
"Ala ndiyo iliyovimba. Sidhani kama ni saratani,
maabara watatuambia.
Kisu chenyewe kizima. Nitajaribu nisikidhuru."
Hilo "nitajaribu" nilikwenda nalo nyumbani,
nikalala nalo.

Wakalitia bega ganzi. Mkono ukaondoka,
ukawa wa mtu mwingine aliyelala kando yangu.
Pazia la kijani. Darubini imeinama
kama korongo anayechungulia kisima.
Nikaiwaza korona ya Pongwe,
kaka yangu Mbaruku akisukuma majani,
shati la mikono mirefu, asubuhi ya baridi.
Pumzi moja, mkono mzima.
Mashine ile haikuuliza: huu mkonge, au mtu?

Hapa zilipita saa mbili na nusu,
Dakta akitenga uzi na uzi, uzi na uzi,
kila mmoja akiugusa kwa ncha ya umeme mdogo.
"Gumba limeruka," anasema Sista Nakijwa.
"Tuuache."
"Cha shahada."
"Tuuache."
Kisha ukaguswa mmoja, kimya.
Ukaguswa tena.
"Huu haujibu," alisema Dakta, sauti chini,
kama mtu aliyefika mlangoni na habari ya msiba.
"Humu ndimo kilimozaliwa. Naukata."

Kikatoka kizima,
kokwa ya fenesi ikiponyoka kifukoni mwake.
Niliomba kukiona. Kimanjano, kinateleza ndani ya chupa,
hakina hata jino.
Miaka mitatu nilikiogopa hicho.

Leo wiki ya tisa.
Maabara wameandika maneno marefu,
mwisho wake: nenda nyumbani.
Ncha ya kidole cha kati bado imelala
kama mtoto asiyetaka shule.

Mbaruku alikuja jana.
Akaushika mkono wangu kwa ule wake mmoja,
akaufuata mshono kwa kidole, polepole,
alipofika mwisho akarudi mwanzo.
"Kumbe inawezekana kwenda taratibu," akasema.
"Wale walikuwa wakikimbilia wapi?"

Sikumjibu.
Nilikuwa nimefumba macho,
nahesabu ninachokihisi.