Saba Yenye Mkanda

Mpelelezi wangu nimempa jina Teofili Lyaruu,
sajini mstaafu, goti bovu, mvutaji aliyeacha.
Nikamshusha stesheni ya Moshi katika sura ya kwanza
na mvua ya masika juu ya kofia yake.

Kesi ni kuukuu. Mwaka hamsini na moja
mfuko wa fedha za kahawa, shilingi elfu kumi na nne,
uliingia kwa karani Anaeli Kisoka saa tisa mchana.
Kulipokucha hapakuwa na mfuko wala Anaeli.
Mji ukahukumu kabla hakimu hajavaa miwani.
Hata leo mtoto akidokoa nyama jikoni
huambiwa: mkono wa Kisoka huo.

Lyaruu hakuamini. Mwizi gani, alisema,
hukimbia akaacha viatu vipya chini ya meza?
Nikamfuata, nikidhani mimi ndiye namwongoza.
Akanifikisha kwenye leja iliyomegwa na mchwa.
Tulihesabu magunia, tukalinganisha wino,
na siku moja baada ya Anaeli kutoweka,
magunia sabini na saba, Aprili kumi na saba,
mwandiko unajifanya wake
ila kila saba ina mkanda kiunoni.

Anaeli hakuwahi kuifunga saba yake mkanda.

Nikaweka kalamu chini.
Babu, mpimaji wa magunia pale pale stesheni,
ndiye aliyenishika mkono nikiwa na miaka mitano:
"Saba bila mkanda, mjukuu wangu, itadondosha suruali."
Nilicheka mpaka nikakwama kwikwi.
Kibosho nzima, nyumba yetu ndiyo ilitangulia bati.
Chini ya bati hilo nilijifunza kusoma.

Mchapishaji anapiga simu: mwisho uko wapi?
Ninayo miisho mitatu. Katika mmoja
nilimtwika kosa mzungu wa bohari,
maana hana mjukuu hapa.
Lyaruu alinitazama,
akapapasa mfukoni sigara alizoacha,
akauliza tu: na mwenye viatu yuko wapi?

Bintiye Anaeli, aliyezaliwa baba hayupo,
anauza ndizi mshare sokoni Mbuyuni.
Kila Jumamosi nanunua mkungu, namwachia chenji.
Juzi aliikunja noti, akanirudishia kiganjani:
"Mwalimu, mbona kama unanilipa deni?"

Usiku huo niliandika ukurasa wa mwisho.
Nikauwekea namba, mia mbili na saba,
na mkono ukaifunga mkanda
kabla sijauwahi.