Maikrolita Mbili

Maikrolita mbili, alisema Bi Amimo,
ni kitu ambacho jicho lako litakataa kukiona.
Usibishane nalo. Kiamini kidole gumba.

Kidole gumba changu kililelewa Kibuye,
nyuma ya pipa la mama la mafuta ya kupima.
Ya kumi, ya ishirini, ya hamsini:
kikombe cha bati, faneli, chupa ya mteja,
kisha mkono wa mama ukiinama tena kidogo
kumimina ile isiyolipiwa.
"Hii ya mtoto," alikuwa akisema,
hata kwa waliokuja bila mtoto.

Huku maabara hakuna ya mtoto.
Bonyeza mpaka kituo cha kwanza. Tulia hapo.
Chovya ncha kidogo tu, kama mtu anayeonja uji wa moto.
Achia polepole. Ukiharakisha, hewa itatangulia
na utagawa kiputo ukidhani umegawa dawa.
Hesabu moja. Toa. Sasa tazama:
hakuna cha kutazama.

Wiki nzima niligawa upepo.
Sahani ya visima tisini na sita,
nusu vimelowa,
nusu vinanikodolea macho makavu.

Bi Amimo hakunikaripia. Alinikalisha kwenye mizani,
akafunga dirisha linaloelekea ziwani,
maana humu ndani hata upepo una uzito.
Nikadondosha maji, maikrolita kumi.
Miligramu tisa nukta nane!
Kabla kalamu haijagusa daftari
ikawa tisa nukta saba. Tisa nukta tano.
Joto la Kisumu lilikuwa likinywa tone langu
mchana kweupe, bila hata hodi.
"Andika upesi," alisema,
akarudi kwenye chai yake.

Leo kimefika kichupa kutoka Ahero.
Lensa Abuto, miezi kumi na minne.
Damu ya kisigino, haba,
haijai hata ukucha.
Namfikiria mbu aliyemtembelea
usiku, kando ya mashamba ya mpunga:
naye alichukua maikrolita mbili,
labda tatu,
gizani, bila mizani, bila Bi Amimo,
na hakuingiza kiputo.
Fundi yule.
Nami nachukua kiasi kilekile
kwa mtoto yuleyule
ili nijue alichomwachia.

Kituo cha kwanza. Ncha imegusa ukuta wa kisima.
Damu inashuka, lakini utando mwembamba
unabaki ndani, umeng'ang'ania plastiki.
Kwa ajili yake kuna kituo cha pili:
kidole kinashuka tena kidogo,
na ghafla naujua mwendo huu,
naujua mkono huu ulipotoka.

Mama, hii si nyongeza.
Ni yake Lensa, yote,
hadi utando wa mwisho.

Tak. Ncha imeanguka kwenye ndoo.
Nachukua nyingine.