Mkwaruzo Upande wa Pili

Santuri ya kwanza ya Trela Tupu
ilirekodiwa gerejini, mjini Gering, Nebraska,
nyuma ya duka la matairi, majuma mawili ya Februari,
na ukitega sikio kabla ya wimbo wa tatu
utaisikia friji ikinguruma.
Odell Krause, fundi mitambo, aliwaomba waizime.
Mpiga besi alikuwa na nyama ya kulungu mle ndani.
Akakataa.
Mimi nasema friji ile ndiyo mwanabendi wa tano
na kauli hii siibadili.

Ya pili sina ugomvi nayo.
Nyimbo nane za haja, mbili za kujazia,
na moja ya lori ambayo angeitunga yeyote
aliyewahi kuliona lori.

Ya tatu, sasa.
Walikwenda Los Angeles. Wakatandikiwa zulia,
wakaletewa fidla kumi na mbili
na prodyuza mwenye viatu vyeupe.
Mgema alikuwa amesifiwa;
nilipoishusha sindano nilionja maji.
Sauti ya Wade Tollefson, ile iliyolia
kama mlango wa zizi tangu baba yake auze ng'ombe,
walikuwa wameitia grisi.

Lorna Pospisil habishani kwa kelele.
Yuko mizani ya kiwanda cha sukari,
anapima malori ya viazisukari usiku kucha Oktoba nzima,
na kibandani mwake kaseti ya tatu huzunguka
hadi utepe umekuwa mwembamba.
Aliniambia, "Wewe unapenda umaskini wa watu.
Unataka Wade alale gerejini mpaka afe
ili wewe ujione mkweli."
Nikamwambia gitaa la chuma limezikwa chini ya fidla.
"Halikuzikwa. Limenyamaza.
Wewe hujawahi kumwona mtu aliyenyamaza?"
Lori likapanda mizani. Akaandika tani.

Basi nikamwazima ya kwanza, apate kujifunza.
Alikaa nayo majira yote ya baridi.
Aprili ikarudi ndani ya mfuko wa mkate,
na mkwaruzo upande wa pili, urefu wa ukucha,
katikati ya "Kodi ya Machi",
pale Wade anapomwambia baba yake
*sikuliuza shamba, mimi nili—*
*sikuliuza shamba, mimi nili—*
*sikuliuza shamba, mimi nili—*
mpaka uisukume sindano kwa kidole,
nayo iruke hadi kwenye ngoma.

Miaka kumi na mmoja nimeisikiliza hivyo,
kidole juu, kama mtoto anayejua jibu.

Juma lililopita, dukani kwa wauza santuri mjini Lincoln,
kijana wa kaunta aliiweka nakala safi,
haina hata vumbi. Friji ilinguruma, nikatabasamu.
Akaigeuza. Ikafika Machi.
Kidole changu kiliinuka chenyewe, hewani, mbele za watu,
na Wade akapita pale bila kujikwaa:
*sikuliuza shamba, mimi niliuza njia ya kwendea.*

Nilikuwa nimeusahau mstari ule.
Ni mstari mzuri. Labda ndio bora kuliko yote aliyoandika.
Lakini alikuwa amemaliza kusema,
na mtu akimaliza kusema huna la kumfanyia.

"Unainunua?" kijana akauliza.
Ninayo, nikamwambia.
"Safi kama hii?"
Kuliko hii.

Halafu, kwa kuwa nimeanza kukiri:
santuri ya tatu, wimbo wa mwisho, dakika ya nne,
fidla zote kumi na mbili zinatua
na kabla ya kimya kuna mtu anakohoa.
Si mpiga fidla. Nakijua kifua kile,
ni cha gereji, cha Februari.
Mwenye viatu vyeupe alisahau kukifuta,
au aliambiwa, akakataa.

Nimekirudia mara tisa tangu Jumapili.
Lorna asiambiwe.