Risiti ya Kovalam

Risiti ya tisa, mweka hazina, hujakosea kuisoma.
Si dawa. Si damu. Si picha ya moyo.
Ni chumba kinachotazama bahari, siku mbili,
na mashua, na samaki mmoja mkubwa kwa watu wawili.

Mlichanga hapa hapa, ukumbi huu wa Manyatta,
kwenye beseni la plastiki lililopasuka ukingoni.
Akina mama wa Kibuye walileta sarafu zinazonuka omena,
na Bwana Ogweno, aliyekuwa na mia mbili tu,
aliitoa akiwa amesimama, kama anayeapa.
Sijasahau. Daftari hilo nimelikariri.

Daktari wa Trivandrum alikuwa mpole.
Alianza kuchora moyo wa kaka yangu nyuma ya bahasha,
akaweka kalamu chini kabla hajaumaliza.
"Mrudishe nyumbani," alisema.
Ndege yetu ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Wasonga alilala chali akihesabu mabawa ya feni.
Usiku akaniita: "Peresia,
nimevuka maji yote haya nije kutazama dari?"

Basi.
Muuguzi Leelamma ana binamu mwenye nyumba ya wageni Kovalam.
Si ile hoteli yenye bwawa la kuogelea na mabawabu wenye vilemba;
ni ya jirani yake, yenye ngazi za zege na kunguru.

Mchanga wa kule una weusi, kama mtu kamwaga masizi
akajaribu kuyafagia, akachoka.
Mnara wa taa umevaa mistari myekundu na myeupe
kama soksi za shule ya msingi.
Kaka yangu alikunja suruali hadi magotini
(mnaijua, ile ya kijivu tuliyomzika nayo),
akaingia majini, akachovya kidole, akakionja,
akatema, akacheka mpaka nikaogopa.
"Nani ameliharibu ziwa hili kwa chumvi?"

Jumatano tulipanda mashua huko Poovar, kati ya minazi.
Na nani alitupokea?
Gugumaji. Lile lile letu, na maua yake ya zambarau,
limeziba mkondo, nahodha analitukana kwa Kimalayalamu
nasi tunayaelewa matusi yote, neno kwa neno.
Wasonga akalipungia mkono kama shemeji.

Hekaluni hatukuingia, si watu wa dini yao.
Tulikaa nje tukilinda viatu vya familia tusiyoijua.

Jioni akaletwa samaki, wanamwita karimeen,
amefungwa kwenye jani la mgomba.
Kaka akamfunua, akamkagua mapezi,
akasema huyu ni ngege aliyekwenda kazi ng'ambo
akasahau kutuma pesa.
Alimla wote. Mnakumbuka alivyokuwa hali kitu?

Zilizobaki zilikuwa elfu thelathini na moja.
Zilikuwa zenu. Sikuwapigia simu kuwauliza.
Ningeanzaje, na salio la dakika mbili?
Nitalipa. Nauza mashuka ya mitumba, soko halijafungwa.
Andikeni deni, mwandike jina langu lote.

Mweka hazina akavua miwani, akaifuta kwa tai.
Mvua ya saa kumi ikaanza kupiga mabati,
tukangoja, maana chini ya mabati yale
hata padri hunyamaza.
Ilipopungua, Bwana Ogweno akainua mkono
kama mwanafunzi.
Nilijua. Mia mbili yake ilikuwa na haki ya kuuliza.

"Huyo samaki," alisema, "ana miiba mingi kama wetu?"

Nikavuta kiti.