Jezi Namba Kumi na Nne

Walitaka daraja lipewe jina lake.
Ukumbi wa baraza la mji, Januari, hita inakohoa pembeni,
makoti yananuka theluji na sigara,
nami safu ya tatu, mkoba mapajani,
dobi wa timu kwa miaka kumi na tisa,
sijaulizwa neno.

Odell Stanfield, aliyeendesha kreni hadi kiwanda kikafa,
ndiye aliyeanza. Alikuja na karatasi:
yadi elfu thelathini na nne,
mabao mia mbili na kumi na moja,
fainali mbili, zote tukafungwa.
"Lakini nani mwingine alitufikisha huko?
Kabla ya Duane Hruska tulijulikana kwa moshi."
Akarusha mpira usiokuwapo, mkono ukapanda juu ya sikio,
na wazee watano wakageuza shingo
kuufuata ulikokwenda.

Kijana wa akina Petrakis akainuka na simu yake.
Takwimu hizo, alisema, siku hizi ni za kwotabeki wa benchi.
"Na mipira mia moja na tisini aliwapa wapinzani.
Mkono ulikuwa na nguvu. Macho yalichelewa."
Akazomewa: ulikuwa hujazaliwa!
Akajibu ndiyo maana anaona vizuri.

Kisha Teodora Vukovic.
Alisimama taratibu, goti lake ni la chuma,
na ukumbi ukanyamaza kabla hajafungua kinywa.
"Mwaka ule wachezaji walipogoma,
sisi wa kiwandani tulikuwa mwezi wa tano wa mgomo wetu.
Tunakula viazi. Hata hivyo tuliwapelekea kahawa
pale uwanjani, kwa sababu mgomo ni mgomo.
Jumanne asubuhi gari jekundu likapita katikati yetu,
kioo kimepandishwa.
Ninyi hesabuni yadi.
Mimi nahesabu hatua ishirini, toka barabarani hadi langoni."

Mtu akapiga meza. Mtu akalia, sikumtazama ni nani.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Sawa. Lakini asubuhi ile mnyonge alikuwa nani?

Gari lile nililiona kutoka ndani.
Mlango wa dobi uko nyuma, karibu na mapipa ya taka,
na mimi nilikuwa nimeshaingia tangu saa kumi na moja,
mume wangu Emil akiwa ameshika bango upande wa pili wa mji,
watoto watatu, kodi ya miezi miwili.
Hatua zangu hakuna aliyezihesabu.
Jioni jezi yake ilinifikia na damu kwenye kola,
na matapishi, ya kabla ya mechi, si ya baada.
Niliiloweka mara mbili.
Hilo nalo ni takwimu, ila halina safu yake kwenye karatasi ya Odell.

Mwenyewe alikuwepo. Safu ya nyuma, mkewe Arlene ubavuni,
kofia ya sufu imeshushwa hadi nyusi.
Odell alipomaliza, alipiga makofi.
Teodora alipomaliza, alipiga makofi zaidi,
akamwinamia Arlene, akauliza kwa sauti tuliyoisikia wote:
"Huyo bwana wanayemsema, alikuwa mbaya kiasi hicho?"

Kura: sita kwa sita.
Mwenyekiti akaahirisha hadi barafu ya mtoni iyeyuke,
kana kwamba barafu ndiyo iliyokuwa na wasiwasi.

Mlangoni alinishika mkono wa koti.
Jina langu hakulipata. Alivitazama vidole vyangu,
vilivyopindishwa na jiki na maji ya moto,
akavitazama tena.
"Kumi na nne," akaninong'oneza. "Imekauka?"
Nikamwambia bado.
"Basi nitasubiri," akasema,
akarudi kuketi kwenye kiti cha plastiki,
na Arlene, na mimi, na yule kijana wa Petrakis
hatukuweza kumwinua.